Takwimu Zinazorudi Dikoni: Raia, Takwimu Huria na Sera ya Bahari katika Pwani ya Afrika Mashariki

Takwimu za uvuvi mdogo katika pwani ya Afrika Mashariki huanzia kwenye mizani na daftari. Ngalawa ikitia nanga, au mtumbwi ukivutwa mchangani, karani wa diko huuliza chombo kiliondoka saa ngapi, kilichukua mabaharia wangapi, na walivua kwa mshipi, nyavu au madema. Kisha hupima samaki kwa aina: changu, tasi, pono, nguru, vibua, pweza. Nchini Kenya kazi hiyo huwahusu zaidi makarani wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo pwani nzima huvijua kwa herufi tatu tu, BMU. Tanzania Bara vipo vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi pamoja na mabwana samaki wa wilaya, na Zanzibar kuna makarani wa madiko na kamati za wavuvi za shehia. Siku hizi daftari linaanza kuipisha simu ya mkononi. Taarifa zikishakusanywa hupanda hadi wilayani au kwenye kaunti, zikafika wizarani na kwenye taasisi za utafiti, na mwisho huonekana katika ripoti ya mwaka kama jedwali moja ambamo samaki wa mkoa mzima wamejumlishwa kwa tani.

Katika safari hiyo ndefu hakuna mahali ambapo mvuvi aliyejibu maswali huonyeshwa kilichopatikana. Hajui kama tasi wa mwamba wake wamepungua uzito kulinganishwa na miaka mitano iliyopita, wala kama diko la jirani linapata zaidi kwa chombo kama chake. Ila yeye ndiye atakayeambiwa kwamba wavu wake umepigwa marufuku, kwamba mwamba umefungwa, au kwamba mkondo aliouvua babu yake sasa ni njia ya meli. Ushirikishwaji wa raia katika sera ya bahari, kwa sehemu kubwa, ni suala la kuigeuza safari hiyo: takwimu zilizotoka dikoni zirudi dikoni, na zirudi mapema, kabla uamuzi haujafanyika.

Takwimu huria ni takwimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila malipo, kuzichambua upya kwa njia yake, na kuzisambaza bila kumwomba mtu ruhusa. Kuchapisha peke yake hakutoshi. Jedwali lililopigwa picha na kuingizwa ndani ya waraka wa kurasa mia mbili limechapishwa, lakini hakuna anayeweza kulipangua na kulijumlisha kwa namna nyingine. Wakati nao una uzito wake, kwa kuwa takwimu zinazotolewa baada ya mradi kuidhinishwa humfaa mwanahistoria kuliko mwananchi. Lugha ni sharti ambalo vitabu vingi vya fani hii hulisahau. Ripoti ya kitaalamu ya Kiingereza kuhusu bahari ya Pemba au ya Lamu iko wazi kwa msomaji aliye Ulaya kuliko kwa nahodha ambaye bahari hiyo ndiyo shamba lake.

Misingi ya kisheria ipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali katika kifungu cha 35, na kifungu hichohicho kinaitaka Serikali yenyewe itangaze taarifa muhimu zinazoligusa taifa, hata kama hakuna aliyeziomba. Kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali ihimize ushiriki wa umma katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 iliweka muda wa siku 21 wa kujibu ombi. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka huohuo wa 2016, ikaweka siku 30, nayo inahusu Tanzania Bara tu. Kenya ilikuwa imekwisha kufungua tovuti yake ya takwimu huria Julai 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanya hivyo kusini mwa Sahara, ingawa seti nyingi zilizowekwa humo zilibaki bila kuhuishwa. Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Mwaka 2018 marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliwafanya watafiti na asasi waogope kutoa hesabu zinazotofautiana na za Serikali, hadi yalipolegezwa mwaka 2019. Historia hiyo fupi inaeleza kwa nini kikundi cha wavuvi chenye daftari zuri la miaka kumi kinaweza kusita kulisoma hadharani.

Uzito wa taarifa, na gharama ya kuzikosa, umeonekana wazi zaidi Lamu kuliko mahali pengine popote katika pwani hii. Mpango wa bandari mpya katika Ghuba ya Manda ulikusudia magati 32. Kwa mhandisi, mikondo kati ya visiwa ni njia ya maji inayohitaji kuchimbwa iwe na kina cha kupitisha meli kubwa. Kwa mvuvi wa Lamu, mikondo hiyohiyo ndiyo mahali pa kuvulia wakati wa kusi, miezi ambayo bahari ya nje huchafuka na mashua au mtumbwi hauthubutu kuvuka mwamba. Maarifa hayo hayakuhitaji utafiti wa gharama. Kila nyumba ya wavuvi huko inayajua. Hata hivyo hayakuwa kwenye ramani iliyoongoza ujenzi, na watu walioyajua hawakupewa nyaraka za mradi mapema ili wayaseme.

Wakazi walifungua shauri mwaka 2012. Mwishoni mwa Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa: haki ya taarifa, ya kushirikishwa, ya utamaduni wao, na ya mazingira safi na salama. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Katika hukumu hiyo, la msingi kwa mada hii ni namna mahakama ilivyoutazama wajibu wa kutoa taarifa. Serikali haikuruhusiwa kujitetea kwamba hakuna aliyekuja ofisini kuomba karatasi. Mradi wa ukubwa ule uliilazimu Serikali kuzipeleka taarifa kwa watu yenyewe. Uamuzi huo uligeuza mantiki iliyozoeleka katika ofisi nyingi, ambamo waraka huhesabiwa kuwa wazi maadamu kuna kabati unamohifadhiwa na saa za kazi ambazo mtu angeweza kuja kuuliza.

Fidia nayo ina somo lake la takwimu. Ili mvuvi alipwe alichopoteza, lazima ijulikane kwamba yeye ni mvuvi, alivua wapi, na alipata kiasi gani kabla ya bahari kuchimbwa. Mwenye kumbukumbu ya kila siku ana hoja, na asiye nayo hutegemea makadirio ya mtu mwingine. Daftari la BMU, ambalo wavuvi wengi huliona kama kero ya asubuhi, hugeuka kuwa hati ya kumiliki riziki. Wanaoachwa nje ya daftari hilo ndio wanaoumia zaidi: wanawake wanaochokoa pweza na kuokota kombe kwa miguu maji yakitoka, ambao hawana chombo cha kuandikishwa wala gati la kushushia. Sensa inayohesabu vyombo huwapita kama vile hawakuwa mwambani.

Shauri la pili la Lamu lilihusu kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, si mbali na mji mkongwe ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Kibali cha mazingira kilitolewa mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira lilikifuta, sababu kubwa ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinadai mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu wanaoguswa, pamoja na matangazo ya redio katika lugha rasmi na lugha ya mahali. Ilipochunguzwa, mikutano iliyofanyika mapema ilikuwa ya kuutambulisha mradi, wakati ripoti yenye majibu kuhusu moshi, majivu na maji moto yatakayomwagwa baharini haijakamilika. Kumwita mtu mkutanoni bila kumpa jambo la kupima ni kumkusanyia saini. Maswali ya kweli huanza pale mvuvi anapoweza kuuliza maji yatatoka yakiwa na joto kiasi gani na yatafika umbali gani, na akaonyeshwa jedwali ambamo jibu limeandikwa.

Bahari kuu ina mambo yake. Huko hakuna karani wa diko. Kuna meli za mishipi mirefu na za nyavu za kuzingira zinazofuata jodari, nyingi zikiwa za mataifa ya mbali. Meli ya uvuvi ya Tawariq 1 ilipokamatwa katika maji ya Tanzania Machi 2009, shehena yake iliitwa mitaani "samaki wa Magufuli" kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo, na watu wa bara na pwani wakazungumzia samaki wa bahari kuu kwa muda mrefu. Mazungumzo hayo yalitokana na ukamataji. Mtu aliyetaka kujua ni meli ngapi zilikuwa na leseni msimu ule, zililipa nini na zilivua nini, hakuwa na mahali pepesi pa kutazama.

Tangu hapo mengi yamefunguka. Kamisheni ya Tuna ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, huweka hadharani orodha ya meli zilizoidhinishwa na takwimu za mavuno kwa miraba ya bahari: digrii moja kwa moja kwa meli za nyavu za kuzingira, digrii tano kwa tano kwa mishipi mirefu. Mtandao wa Global Fishing Watch, ulioanza mwaka 2016, huonyesha mienendo ya meli kwa kutumia ishara ambazo vyombo vikubwa hutakiwa kuzirusha ili visigongane. Indonesia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2017 ilipotoa hadharani taarifa za mfumo wake wenyewe wa kufuatilia meli za uvuvi. Shelisheli ilitoa ripoti yake ya kwanza chini ya Mpango wa Uwazi katika Uvuvi mwaka 2021. Mpango huo una maeneo 12 ya kufunguliwa, yakiwemo mikataba ya kuruhusu meli za kigeni, malipo, hali ya samaki na uvuvi mdogo. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwenye jodari, kuziweka namba hizo mezani kulihitaji ujasiri. Nchi nyingine za ukanda huu, zenye mikataba ya namna hiyohiyo, zina kila sababu ya kufuata nyayo hizo.

Ramani ya Global Fishing Watch ina upungufu mmoja unaopaswa kusemwa kwa sauti. Wajibu wa kurusha ishara chini ya kanuni za kimataifa unahusu meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa kuanzia tani 300. Ngalawa, dau, mashua na hori hazimo. Mtu akiifungua ramani hiyo kutazama maji yaliyo kati ya Unguja na Bagamoyo, au kusini mwa Mombasa hadi Vanga, ataona mistari ya meli za mizigo na nafasi kubwa nyeupe. Katika nafasi hiyo nyeupe wamo maelfu ya watu kila siku. Serikali za ukanda huu sasa zinachora mipango ya matumizi ya bahari, zikigawa maji kati ya bandari, gesi, utalii, hifadhi na uvuvi, na mahali palipo patupu kwenye ramani huonekana pa bure. Kwa hiyo kujaza nafasi nyeupe ni kazi ya kisiasa kama ilivyo ya kitaalamu. Mvuvi asiyetaka kuhesabiwa kwa kuogopa kodi ana hofu ya kweli, lakini anapaswa kujua pia kwamba asipoonekana, maji yake yatagawiwa kama pori lisilo na mwenyewe.

Njia moja ya kuijaza nafasi hiyo imejaribiwa Timor-Leste. Mfumo wa Peskas huko huunganisha rekodi za makarani na vifaa vidogo vinavyotumia nishati ya jua, vinavyofungwa kwenye mitumbwi, kisha jumla ya mavuno ya pwani huonyeshwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Mfumo huo umeletwa Zanzibar pia. Ubora wake ni kwamba namba za dikoni huonekana mapema badala ya kungoja ripoti ya mwaka, na anayetazama anaweza kulinganisha vyombo, zana na misimu.

Zipo pia takwimu ambazo raia huzizalisha wenyewe, na hizi ndizo zilizobadili tabia za watu kuliko zote. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilifunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi kadhaa. Pweza hukua haraka sana na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo matokeo hayakungoja kizazi kingine. Siku ya kufungua, uzito wa kila pweza ulikuwa ushahidi tosha. Njia hiyo ilienea hadi Kisiwa Panza, Pemba, na visiwa vingine vya Zanzibar. Inafaa kutazama jinsi siku ya kufungua inavyokwenda. Watu hukusanyika maji yakitoka, wachokoaji huingia mwambani kwa pamoja, na mizani huwekwa ufukweni mbele ya wote, wakiwemo wachuuzi, wazee na watoto. Namba inatamkwa na kuandikwa palepale. Hakuna tovuti wala leseni ya matumizi, lakini masharti yote ya takwimu huria yametimia: kila mtu ameona jinsi namba ilivyopatikana, anaweza kuibishia, na ataitumia atakaporudi kwenye kikao kuamua mwamba ufungwe tena lini.

Kusini mwa Kenya watafiti wamekuwa wakipima mavuno kwenye bandari ndogo za wavuvi tangu miaka ya 1990, kisha kuwasomea wavuvi matokeo kwenye majukwaa ya kila mwaka. Mjadala juu ya madema ulitokana na utaratibu huo. Dema la kawaida halichagui, hunasa wachanga na wakubwa. Likiachiwa upenyo mwembamba ubavuni, wachanga na samaki bapa wasio na bei hutoka. Mvuvi anayeambiwa atoboe zana yake mwenyewe ana haki ya kushuku. Kilichowasadikisha baadhi yao ni ulinganisho wa mavuno ya madema ya aina mbili: samaki wa kwenye madema yenye upenyo walikuwa wakubwa zaidi, na kipato hakikushuka. Kama ulinganisho huo ungebaki kwenye jarida la kitaalamu, upenyo ungekuja kama amri ya bwana samaki, na amri za namna hiyo huvunjwa usiku.

Baruti ni mfano wa upande mwingine, wa jambo ambalo kila mtu alilisikia na hakuna aliyelihesabu. Uvuvi wa milipuko ulipigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 1970, na kwa miongo mingi wakazi wa pwani walilalamika, maofisa wakajibu kwamba hali si mbaya kama inavyosemwa. Mwaka 2015 watafiti waliisafiri pwani wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji, wakathibitisha milipuko 318, zaidi ya nusu yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Malalamiko yakawa namba yenye mahali na saa. Tangu hapo mkuu wa wilaya aliyeulizwa hakuweza tena kusema kwamba ni maneno ya watu.

Si kila taarifa inafaa kufunguliwa. Mahali ambapo chewa au tasi hukusanyika kutaga, na siku za mwezi wanapofanya hivyo, ni siri ambazo wazee huwarithisha wana wao. Zikiwekwa kwenye ramani ya umma, juya la wageni litafika kabla ya doria. Mavuno ya mtu mmoja mmoja nayo yanaweza kumtumbukiza kwenye deni kwa tajiri aliyemkopesha nyavu, au kwenye ushuru asioutarajia. Dawa yake inajulikana: kutoa namba kwa eneo pana na kwa kundi badala ya mtu. Kamisheni ya tuna huzilinda kampuni za meli kwa njia hiyohiyo, kwa kuunganisha miraba ambayo chombo kimoja kingeweza kutambulika ndani yake. Ulinzi unaotolewa kwa meli ya mamia ya tani hauna sababu ya kumnyima mwenye mtumbwi. Nani aamue kipi kifunguliwe na kipi kifichwe? Kamati ya diko iwe na sauti ya kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayobeba madhara.

Gazi, kusini mwa Mombasa, kumeonekana namna fedha na takwimu zinavyoweza kukaa pamoja. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hewa ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko, hulazimika kutoa taarifa ya kila mwaka inayosomwa na umma: miti iliyopandwa, iliyokatwa, fedha zilizoingia. Ripoti hiyo iliandaliwa kwa ajili ya wanunuzi walio mbali, lakini imekuwa pia chombo cha wanakijiji, kwa kuwa matumizi ya fedha hujadiliwa katika mikutano yao, maji na vitabu vya shule vikishindania shilingi ileile.

Linalobaki ni gharama ya karani. Madiko mengi hupima vizuri wakati kuna mradi unaolipa posho na kutengeneza mizani, na mradi ukiisha daftari husimama. Pengo la miezi sita likionekana kwenye grafu bila maelezo, mchambuzi wa mbali anaweza kudhani samaki walitoweka, kumbe aliyetoweka ni karani. Kwa sababu hiyo takwimu zinazotolewa hadharani zinapaswa kuonyesha pia siku ambazo hakuna aliyepima, na bajeti ya kaunti au wilaya itaje posho ya karani kwa jina lake, kama inavyotaja mafuta ya boti la doria. Karani huyo ndiye pia anayefaa kuandika matokeo ya mwezi kwenye ubao wa chaki pale dikoni, kwa Kiswahili na kwa aina za samaki zinazojulikana hapo. Msimu mzuri wa kuyasoma kwa kirefu ni katikati ya kusi, upepo unapowazuia wengi kwenda nje na mabaharia wapo ufukweni wakishona nyavu, wana muda wa kuuliza namba ile imetoka wapi.